Bastola ya Kwanza: Anza na Mkono, Jina la Kiwanda Baadaye

Mtu anayenunua bastola kwa mara ya kwanza huja na majina mawili kichwani na swali moja: ipi bora kati ya hizi? Swali lina jibu, ila zamu yake haijafika. Bastola za viwanda vinavyojulikana karibu zote hupiga pale mpigaji anapolenga. Tofauti kati ya Glock na CZ ni ndogo kuliko tofauti kati ya vidole vyako na vya yule aliyekushauri. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea: kwanza sheria na nyumba yako, halafu kazi unayotaka bastola ifanye, halafu mkono. Kaliba (kipenyo cha risasi) na kiwanda vinafuata.

Kabla hujaishika

Ziko nchi ambazo raia haruhusiwi kabisa kumiliki bastola, na huko habari inaishia hapa. Kwingine kibali cha kumiliki ni kimoja na kibali cha kutembea nayo ni kingine. Ukiwa na cha kwanza bila cha pili, bastola haitoki nyumbani. Sheria nyingine huwazuilia raia kaliba za kijeshi, nyingine huweka ukomo wa risasi 10 kwa magazini (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini), nyingine hudai mafunzo kabla ya leseni. Zisome kabla hujaipenda bastola fulani, usije ukatamani kitu kisichosajilika. Soma pia sheria ya kujihami yenyewe. Kwa kawaida nguvu ya kuua huruhusiwa pale tu maisha yanapokuwa hatarini papo hapo. Mwizi anayekimbia na televisheni yako kwa kawaida hayumo.

Baada ya sheria, tazama nyumba. Kuna watoto? Kuna mtu anayelewa na kuwa mwingine? Kuna yeyote, pamoja na wewe mwenyewe, anayepita kipindi cha kukata tamaa? Bastola nyumbani huongeza hatari ya mtu kujiua, kwa sababu wazo la dakika chache linapata chombo kisichotoa nafasi ya kujuta. Kama jibu la swali hilo la mwisho ni ndiyo, ahirisha ununuzi. Milango imara, taa za nje na mbwa anayebweka hufanya kazi kubwa ya ulinzi bila hatari hiyo.

Ukiamua kuendelea, cha kwanza kununua ni sefu. Tafuta ndogo ya chuma inayofungwa kwa boliti sakafuni au ukutani, inayofunguka haraka kwa vitufe unavyoweza kuvibonyeza gizani. Zile za alama za vidole ni nzuri, lakini kidole chenye maji au jasho wakati mwingine hukataliwa, kwa hiyo chagua yenye njia ya pili ya kufungulia. Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhi bastola, wala chini ya mto. Watoto hujua vitu vinafichwa wapi.

Kazi mbili zinazovutana

Bastola ya nyumbani inapenda kuwa kubwa. Uzito humeza teke (ule mrusho wa kurudi nyuma bastola inapopiga), mtutu mrefu husaidia kulenga, mpini mrefu unashikika kwa mikono miwili na kubeba risasi nyingi, na chini ya mtutu kuna nafasi ya kufunga tochi. Bastola ya kutembea nayo kutwa nzima inataka kinyume chake: nyembamba, fupi, nyepesi, isiyotokeza chini ya shati.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza upande wa udogo. Bastola ndogo kabisa za mfukoni, kama Ruger LCP yenye uzito usiofika gramu 300, zinabebeka kwa raha na zinapigika kwa taabu. Zinaruka mkononi, mpini unaishia kwenye kidole cha pili au cha tatu, na alama zake za kulengea ni ndogo. Mpigaji mzoefu huzimudu. Anayeanza hupiga risasi chache, mkono ukamuuma, akaifungia sandukuni, na tangu siku hiyo anabeba kitu asichojua kukitumia.

Kama utamiliki moja tu, nenda ukubwa wa kati. Mfano unaojulikana zaidi ni Glock 19, iliyotoka mwaka 1988: mtutu wa milimita 102, risasi 15, uzito wa gramu 600 hivi bila magazini. CZ P-10 C na M&P 9 M2.0 Compact ya Smith & Wesson zimo katika kundi hilohilo. Zinafaa kando ya kitanda na zinafichika kiunoni kwa mtu aliye tayari kubadilisha kidogo mavazi yake. Kama mwili wako ni mwembamba au kazi yako inadai nguo za kubana, shuka hatua moja hadi kwenye bastola nyembamba zilizoenea baada ya SIG P365 kuingia sokoni mwaka 2018. Hiyo ilibeba risasi 10 ndani ya mwili wa takriban nusu kilo. Usishuke zaidi ya hapo kwa bastola ya kwanza.

Mkono

Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi, na bahati nzuri unaweza kuifanya bila kupiga risasi hata moja. Omba kushika bastola tano au sita tofauti. Kila unapokabidhiwa moja, toa magazini, vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) mpaka mwisho, ukague chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho na kwa kidole. Fanya hivyo hata kama muuzaji amefanya sasa hivi mbele yako. Muuzaji mzuri hatakasirika, na anayekasirika amekwisha kukueleza jambo kumhusu.

Kanuni nne zinaanza kufanya kazi hapohapo: chukulia kila bastola kuwa ina risasi; mdomo wa mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu; kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga; jua unacholenga na kilicho nyuma yake.

Sasa shika. Ule uwazi kati ya dole gumba na kidole cha shahada ukae juu kabisa nyuma ya mpini, na mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono. Kama inakubidi uzungushe bastola pembeni ili kidole kifike kwenye kifyatulio, mpini huo ni mnene mno kwako. Kidole kifike kwenye kifyatulio kwa sehemu yake laini, katikati ya pedi ya pingili ya kwanza. Kikifika kwa ncha tu, utasukuma bastola upande. Kikizama hadi kwenye kiungo, utaivuta. Bastola nyingi za kisasa huja na migongo ya mpini inayobadilishwa, ndogo, ya kati na kubwa, kwa hiyo uliza kabla hujaikataa.

Vuta slaidi mara kadhaa. Wengi hujiona hawana nguvu kumbe hawajafundishwa namna. Usivute kwa vidole viwili kama unayefungua zipu. Lete bastola karibu na kifua, mdomo ukielekea mahali salama, bana slaidi kwa kiganja kizima juu, halafu mkono wenye mpini usukume mbele huku wa juu ukivuta nyuma, kwa kishindo kimoja. Usiisindikize inaporudi, iachie ipige mbele yenyewe. Ikiwa bado ni shida kwa sababu ya baridi yabisi au jeraha, zipo bastola zilizoundwa kwa ajili hiyo. M&P Shield EZ ya Smith & Wesson ina springi laini na hupatikana hata kwa kaliba ya 9mm. Jihadhari na imani kwamba bastola ndogo ya kaliba ya .380 lazima iwe rahisi kukoki. Zile za muundo wa zamani kama Walther PPK hutegemea ugumu wa springi kuzuia slaidi isifunguke mapema, na nyingine ni ngumu kuliko 9mm kubwa.

Angalia kama dole gumba linafika kwenye kitufe cha kutolea magazini bila kuvunja mshiko. Wa mkono wa kushoto waulize kama kitufe hicho kinahamishika. Bastola nyingi za sasa zinaruhusu.

Jaribio la mwisho: chagua alama kwenye ukuta wa upande ulioruhusiwa, bastola ikiwa tupu. Fumba macho, inyanyue hadi mahali unapohisi umelenga, kisha fumbua. Bastola inayokufaa itakuwa imeelekea karibu na alama, kilengeo cha mbele kikiwa ndani ya pengo la nyuma. Isiyokufaa itatazama dari au sakafu. Jaribio hili si sayansi, lakini linapatana na matokeo ya shabaha kuliko maneno ya mtu yeyote aliyesimama nyuma ya kaunta.

Neno kwa wanawake, na kwa wanaowanunulia wake zao au mama zao: kuna desturi ya kumpa mwanamke rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo nyepesi "kwa sababu ni rahisi". Ni kati ya bastola ngumu zaidi kupiga kwa usahihi. Aishike mwenyewe, achague mwenyewe.

Rivolva au ya magazini?

Rivolva ndogo ya risasi tano, mathalani Model 642 ya Smith & Wesson yenye uzito wa gramu 400 na ushei, ina faida za kweli. Haina slaidi ya kuvuta, haichagui aina ya risasi, na hukaa mfukoni miezi bila kudai chochote. Risasi ikikataa kulipuka, unavuta kifyatulio tena na nyingine inakuja. Gharama yake iko kwenye kidole: kifyatulio hicho kinadai nguvu ya kilo tano au zaidi, kwa mwendo mrefu, wakati cha Glock kinadai kama kilo mbili na nusu. Wepesi nao unageuka teke. Kujaza risasi tano nyingine mikono ikitetemeka ni kazi ya polepole.

Kwa wengi ya magazini ndiyo jibu. Rivolva ibaki kwa asiyeweza slaidi kabisa hata baada ya kufundishwa, na kwa mtu ambaye tayari ana bastola kuu.

Kaliba, kwa ufupi kuliko mabishano yake

Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walirushiana risasi na majambazi wawili wa benki. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Uchunguzi ulikazia macho risasi moja ya 9mm iliyompata jambazi mapema na kusimama kabla ya kufika kwenye moyo. FBI ikahamia 10mm, kisha .40 S&W iliyotoka mwaka 1990, na ikaweka kipimo kinachotumika hadi leo: risasi ya kujihami ipenye jeli ya majaribio inayoiga mwili kati ya sentimita 30 na 45 hivi. Miaka ikapita, watengenezaji wakaboresha risasi za 9mm mpaka zikafikia kipimo hicho, na ilipofika 2016 shirika lilikuwa limerudi kwenye 9mm. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: teke dogo, risasi nyingi zaidi kwenye magazini, na maofisa wanaopiga kwa usahihi na kwa haraka zaidi.

Nunua 9mm, basi, kama sheria inakuruhusu. Risasi zake kwa kawaida ni nafuu kuliko za kaliba nyingine za kujihami, na unafuu huo unageuka mazoezi. Kama mkono hauwezi, .380 si aibu. Hata .22, ambayo nisingeishauri kwa kujihami, hufundisha vizuri kuliko zote.

Vizuizi na vifyatulio

Baadhi ya bastola zina kizuizi cha usalama cha mkono kinachoshushwa kabla ya kupiga, nyingi hazina. Zote mbili ni salama ikiwa ala (mfuko wa kuvalia bastola kiunoni) inafunika kifyatulio chote. Ukichagua yenye kizuizi, kila zoezi lianze kwa kukishusha, la sivyo siku ya hatari utabana kifyatulio kilichofungwa. Nyingine za nyundo ya nje, kama CZ 75, zina kifyatulio kizito kwa risasi ya kwanza na chepesi kwa zinazofuata. Zinapendeza sana, ila anayeanza anajikuta anajifunza vifyatulio viwili kwa wakati mmoja.

Piga kabla ya kulipa

Zikishabaki mbili au tatu, zipige. Vituo vingi vya shabaha hukodisha bastola, na pasipo na kukodisha muulize mkufunzi wako au mwenye leseni unayemwamini. Vaa miwani na vizuia sauti vya masikioni. Mlio wa bastola unavuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuumiza usikivu kwa mlio mmoja, na ndani ya chumba hali ni mbaya zaidi.

Usianze mbali. Mita tano zinatosha, risasi tano kwa polepole, halafu shusha bastola utazame. Zikiwa zimekusanyika chini ya ulipolenga, upande wa kushoto kwa mwenye mkono wa kulia, bastola haina kosa. Unaibana na kuisukuma kabla ya mlio kwa sababu unalisubiri teke. Mkufunzi anaweza kuchanganya risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua. Kifyatulio kikibonyea bila mlio na mdomo wa mtutu ukazama, umeona ugonjwa wako kwa macho. Kama bastola inakwama, maganda yakinasa kwenye tundu la kutokea, kaza kifundo cha mkono kwanza. Bastola nyepesi zinahitaji mkono usiolegea ili slaidi imalize safari yake.

Chagua ile uliyoendelea kuipiga vizuri risasi ya hamsini. Uliyoifurahia kwa risasi kumi za mwanzo inaweza kuwa nyingine.

Ala na mkanda

Watu hutumia pesa zote kwenye bastola kisha wakanunua ala ya kitambaa laini inayoingia kila kitu. Ni hatari. Ala lazima iwe ngumu, ya Kydex (plastiki ngumu) au ngozi nene, iliyoundwa kwa ajili ya bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote, inayoishika hata ukichuchumaa, na mdomo wake usijikunje bastola inapotoka. Kuna bastola zilizofyatuka zikirudishwa kwenye ala kwa sababu ya kamba ya jaketi au ukingo wa ngozi iliyolegea kuingia penye kifyatulio. Kwa hiyo kurudisha kufanyike taratibu, huku unatazama, kidole kikiwa kimenyooka pembeni. Hakuna anayeshindana na wewe kurudisha.

Mkanda nao uwe mgumu. Bastola inayoning'inia na kuvuta suruali hufanya mtu aishikeshike hadharani kila dakika, na hapo kuficha kumekwisha. Kuhusu mahali pa kuivaa, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia hufaa wengi. Mbele karibu na kinena kunaficha vizuri zaidi, lakini mtutu unaelekea mahali ambapo hutaki kosa litokee, kwa hiyo acha mpaka uzoefu uje.

Tochi, vilengeo na risasi zenyewe

Kwa nyumbani nunua tochi ya mkononi hata kabla ya ile ya kufunga kwenye bastola. Tochi ya kwenye bastola humulika pale mtutu unapoelekea, na kumulika mwanao aliyeamka kunywa maji kwa njia hiyo ni kosa la kanuni ya pili. Vilengeo vya nukta nyekundu ni vizuri, hasa kwa macho yaliyozeeka, ila vinaweza kungoja mwaka wa pili. Vilengeo vya tritiamu vinavyong'aa gizani hupungua nusu ya mwanga wake katika miaka 12 hivi. Kumbuka hilo ukinunua bastola iliyotumika.

Risasi za mazoezi na za kujihami si moja. Za mazoezi zina kichwa cha duara kilichofunikwa na hupenya mno. Za kujihami zina kichwa chenye shimo kinachofunguka mwilini, kwa hiyo hupungukiwa nguvu mapema. Nchi nyingine huzikataza, angalia. Hata hizo zitapita ukuta wa mbao au wa jasi ukikosa shabaha, kwa hiyo panga mapema nani analala upande gani. Kabla ya kuiamini bastola, pitisha risasi 200 hivi za mazoezi na magazini kadhaa za zile utakazobeba. Ikikwama mara kwa mara baada ya kusafishwa na kutiwa mafuta, badilisha magazini kwanza, aina ya risasi pili, kisha irudishe.

Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Anayetoa risasi chembani kila jioni na kuikoki tena asubuhi huirudia risasi ileile ya juu. Kila inapogonga njia ya kuingilia, kichwa kinaweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na shinikizo hupanda hatari inapopigwa. Ilinganishe na mpya kila mara kwa kuzisimamisha pamoja juu ya meza. Ikiwa fupi, hata kwa unywele, isipigwe. Itenge na uikabidhi kituo cha shabaha au fundi wa silaha aiharibu.